Rika la Mwaka wa Sukari

Swali la kwanza nililoulizwa katika kliniki ya matiti lilikuwa hili: "Mgonjwa yuko wapi?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na bahasha ya majibu ya vipimo. Muuguzi alichungulia nyuma yangu, labda akidhani mke wangu amepitia chooni. Nikamwambia mgonjwa ni mimi.

"Wewe ni msindikizaji," alinisahihisha, kwa upole ule tunaoutumia kwa walevi.

"Hapana, sista. Nimejisindikiza mwenyewe."

Benchi zima la wanawake likageuka. Nilitamani sakafu inimeze, pamoja na bahasha. Kisha mwanamke mmoja mnene, mwenye kitambaa chekundu kichwani, akapiga makofi mara moja na kusema kwa sauti ya mtu wa mnadani, "Sogeeni huko! Mpisheni mura akae. Naye ni mwenzetu, ana nyonyo!"

Kwa wasiotufahamu, "mura" ndivyo Wakurya tunavyomwita kijana wa kiume, tena tunalitamka kwa kifua mbele. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na ushei, kifua chenyewe ndicho kilichokuwa kimenileta pale. Nikakaa.

Naandika haya sasa, dripu zikiwa zimekwisha, mionzi imekwisha, na nywele zimerudi, ingawa zimerudi chache kuliko zilivyoondoka. Namwandikia mtu aliyekaa leo kwenye benchi kama lile, akiwa ameshika bahasha kwa mikono miwili. Sitamweleza saratani ni nini. Nilijaribu kusoma habari zake na nikajua mengi ya kutosha kunikosesha usingizi, ila machache mno ya kunisaidia. Namweleza tu yaliyotupata mimi na dada yangu.

Kivimbe nilikiona msimu wa vuli, nikiwa naoga, chini ya chuchu ya kushoto. Kilikuwa kigumu kama punje ya hindi kavu. Mimi ni msomi. Nimefundisha jiografia sekondari miaka mingi, na siku hizi naandika makala za magazeti, kazi ambayo majirani zangu wa Nyamisangura, hapa Tarime, wanaiita "kukaa nyumbani". Kwa usomi wangu wote nikaamua ni jipu, nikakisubiri kiive. Mke wangu, Neema, alikigundua siku aliponipaka mafuta mgongoni na mkono wake ukazunguka mbele.

"Hili jipu lako halina adabu ya kuiva," akasema. "Kesho tunaenda hospitali."

Tarime walikata kipande cha ule uvimbe wakakipeleka Mwanza, na Mwanza wakaniita, kwenye lile benchi. Walinipasua mwezi wa kwanza, mwaka ule sukari ilipoadimika, wenye maduka wakawa wanauza chini ya meza kwa wale wanaofahamiana nao. Walitoa titi lote. Nilikuwa sijui kama nina titi mpaka lilipoondoka.

Dripu zilikwenda na masika. Tulikuwa tunapanda basi alfajiri, tunavuka daraja la Kirumi jua likichomoza, na nilipofika Bunda nilikuwa nimeshaanza kutapika dawa ambayo bado hawajanipa. Mwili unajifunza haraka kuliko akili. Kucha zikawa nyeusi. Nywele zikatoka kwenye mto kama manyoya ya kuku anayenyonyolewa. Nyusi nazo zikaenda, na hapo nikajua kwamba sura ya mtu ni nyusi, kwa sababu mwanangu wa mwisho aliniangalia mezani kwa muda akasema, "Baba, unaonekana kama unashangaa kila kitu." Ni kweli nilikuwa nashangaa kila kitu.

Ladha nayo ilihama. Sisi watu wa Tarime tunajivunia kichuri, ile nyama ya matumbo inayopikwa na nyongo, chungu ya kumliza mgeni. Nilipewa bakuli la kichuri na shemeji yangu kunipa nguvu, nikala lote bila kukunja uso. Akanisifu kwa ushujaa. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuna kama anayetafuna gazeti. Sikusikia uchungu wowote. Miezi mingi baadaye, nikiwa naonja mchuzi jikoni bila kutarajia chochote, uchungu ulirudi ghafla ukanibana taya, nikakaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa nikalia. Neema alidhani nimeungua.

Yeye ndiye aliyebeba mzigo mzito zaidi, na sikulitambua hilo mapema. Jasho langu lilinuka dawa, akawa analala chumba cha watoto, akisema ni kwa sababu ya kikohozi cha mdogo. Mdogo hakuwa na kikohozi. Mimi nami nilikuwa nimegoma kuvua shati mbele yake, hata kwenye joto, na kwa ndugu zangu nilisema naumwa "kifua", jambo ambalo kwa sehemu halikuwa uongo. Siku moja tukagombana kwa sababu ya chumvi kwenye uji. Tulipiga kelele mpaka majirani wakazima redio ili wasikie vizuri. Katikati ya ugomvi akanivuta shati, vifungo vikatawanyika, akaweka kiganja chake juu ya kovu. Akaenda akaleta mafuta ya nazi akaanza kulipaka. Tangu siku hiyo alirudi chumbani, jasho na yote.

Sasa nifike kwa dada yangu.

Rhobi aliolewa Busawe, upande wa Serengeti. Amenizidi miaka kumi, na alinibeba mgongoni mpaka akapinda, hivyo anaamini ana hisa kwenye maisha yangu. Ni mjane mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi kuliko ng'ombe. Masika yale alikuja Tarime na kibuyu cha maziwa ya mgando akakaa nasi wiki nzima, akinisukuma kula na kunitukana nikiacha. Siku ya kuondoka alimvuta Neema nyuma ya jiko. Nilidhani wananisema. Jioni Neema akaniambia: wifi yake ana uvimbe titi la kulia, amekaa nao tangu palizi, na amemwapisha asimwambie mtu.

"Umeniambia," nilisema.

"Wewe si mtu, wewe ni mgonjwa," akajibu Neema.

Nilimpigia simu Rhobi nikamwambia aende hospitali. Alikata. Nikapiga tena.

"Sikiliza, Mwita," akasema. "Nyangi jirani yangu alikwenda Mwanza kwa miguu yake, akarudi kwenye sanduku. Mimi nikienda, ndipo nitaanza kufa. Sasa hivi sijaanza."

"Dada, mimi nimekwenda na niko hai."

"Wewe umemaliza hata mwaka?"

Sikuwa nimemaliza.

Kiangazi kilipoanza nikahamia Mwanza kwa ajili ya mionzi, nikalala kwa binamu. Asubuhi moja, wakati wa kusubiri, daktari wetu, mwanamke mdogo wa mwili na mwepesi wa maneno, alitundika shuka ukutani akatuonyesha picha kwa projekta. Ilikuwa grafu kutoka nchi za mbali. Alieleza hivi: unawachukua watu wote waliogunduliwa ugonjwa mwaka mmoja. Siku hiyo wote wako hai, kwa hiyo mstari wao unaanzia juu kabisa. Mwaka ukipita unatazama waliobaki, na mstari unashuka kwa kadiri ya waliokwenda. Unafanya hivyo kila mwaka unaofuata. Kisha unawachukua waliogunduliwa mwaka mwingine, unawachorea mstari wao, na wengine tena.

"Tazameni," akasema. "Huu wa zamani unaanguka kama jiwe. Huu wa karibuni unateremka kama bibi anayeshuka ngazi."

Benchi likaguna. Yule mwenye kitambaa chekundu, ambaye sasa nilimjua kwa jina la Bhoke, muuza mitumba wa Tarime mjini, alinipiga kiwiko. "Mwalimu, si hili ni rika tu?"

Lilikuwa rika hasa. Kwetu wanaotahiriwa msimu mmoja ni rika moja hadi kaburini, na msimu wenyewe hupewa jina. Bhoke na wenzake walikuwa wameshafanya hivyo zamani bila kuhitaji projekta. Walioanza matibabu mwaka viwavi walipomaliza mahindi waliitana Rika la Viwavi. Wa miaka ya korona walikuwa Rika la Barakoa. Sisi tulikuwa Rika la Sukari. Nakiri lilinipa furaha isiyo na akili. Baba yangu, mlokole, alinitahirisha hospitali kwa sindano ya ganzi, na vijana wa umri wangu hawakuwahi kunihesabu. Imebidi nipate ugonjwa wa kina mama ndipo nipate rika.

Nilipiga picha ile grafu kwa simu, na dozi ya mionzi ilipokwisha nikapitia Busawe kabla ya kufika nyumbani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekonda kama fimbo. Hiyo ni nini?"

Nikamweleza. Alishika simu mbali na uso, kama anayetazama nyoka.

"Hawa ni watu wa wapi?"

"Wa ng'ambo."

"Wanalima?"

"Sidhani."

"Wanasafiri siku nzima kwenda hospitali?"

"Hapana."

"Basi hiyo ni mistari ya watu wengine." Akanirudishia simu. "Nionyeshe wa hapa. Wa Tarime, wa Mugumu, wa huku kwetu. Ndipo tuongee."

Nilimwomba aniruhusu angalau niuguse ule uvimbe. Alinitazama kwa namna iliyonirudisha darasa la pili. Nikaondoka.

Basi nikapata kazi. Niliporudi kliniki kwa uchunguzi nilikwenda na karatasi ya grafu, rula na penseli za rangi, nikijiona mtaalamu. Nikawauliza wanabenchi wa kwetu, mmoja mmoja: wewe rika gani? Na wewe? Walinijibu kwa fahari, kama askari. Nyumbani nikachora. Mistari yangu ilikuwa mizuri ajabu. Wa Viwavi ulinyooka juu kabisa kutoka mwanzo hadi mwisho. Wa Barakoa nao ukanyooka. Wa Sukari ulikuwa mfupi lakini umenyooka. Nilimwonyesha Neema, akasema mchoro mzuri, akaniuliza kama ni ramani ya barabara ya lami.

Nilirudi Busawe na ile karatasi imeviringishwa kama cheti. Rhobi aliitandaza juu ya gunia la mtama akaitazama kwa muda mrefu. Nilianza kuvimba kichwa.

"Nyangi yuko wapi?" akauliza.

"Nyangi?"

"Nyangi jirani yangu. Niliyemzika. Alikuwa mwaka wa Barakoa. Nionyeshe alipo."

Nikatazama mstari wa Barakoa, umenyooka, haujapinda hata kidogo. Hakuwepo. Nilikuwa nimewauliza waliokaa kwenye benchi, na kwenye benchi hukai kama umekufa. Ningemkuta mwanafunzi wa kidato cha tatu na kosa lile ningelizungushia duara jekundu.

"Mwita," akasema dada yangu taratibu, "huu mstari wako haujawahi kuzika mtu. Nitauaminije?"

Hakunitukana, na hapo ndipo nilipoogopa. Rhobi akiacha kutukana ujue ameshaamua. Akanikaribisha chakula kama mgeni.

Ningeweza kusingizia uzembe wangu peke yake, lakini kosa lile lilikuwa na mizizi. Babu yangu alikuwa akisimulia kwamba zamani kijana aliyefia kwenye tohara hakutajwa tena. Mama yake aliambiwa kwa maneno machache wenzake waliporudi, na rika likaendelea kana kwamba hakuwahi kusimama kwenye mstari. Rika ni waliorudi. Wale wanawake walifuata desturi hiyo hiyo bila kuambiana. Waliokufa hawakutajwa kwenye benchi. Mtu akikosekana kliniki mara mbili, nafasi yake ilikaliwa na mkoba wa mwenzake, baadaye na mgonjwa mpya, basi.

Kliniki iliyofuata nikawaambia: nahitaji na wale wengine.

Mama Sabina, mzee wetu wa Nyamwaga, wa Rika la Viwavi, alikunja kanga yake mapajani.

"Hao hatuwataji, mwanangu."

"Najua, mama. Lakini kuna mtu hataki kuja kutibiwa mpaka awaone."

"Nani?"

Nilisita. Neema alikuwa ameapishwa, mimi sikuapishwa. "Dada yangu."

"Ana uvimbe?"

"Anao. Tangu palizi."

Bhoke akasonya. "Tangu palizi, na sisi tumekaa hapa tunaona aibu!" Akamgeukia Mama Sabina. "Mama, Nyangi alikuwa anakaa hapa hapa alipokaa mwalimu. Alikuwa ananiletea karanga. Mimi namtaja. Nimechoka kujifanya karanga zile niliota."

Mama Sabina alifungua mfuko wa maharage aliyokuwa amemletea binti yake anayeishi Mwanza, akatandaza kanga juu ya benchi, akatuamuru tusimame. "Watu hatuhesabu," akasema. "Tutahesabu maharage." Akapanga mistari mitatu, punje moja kwa kila mtu wa kwetu aliyemkumbuka, walio hai na waliokwenda. Kisha kwa kila aliyekwenda akasogeza punje pembeni, na kila aliposogeza mtu fulani alisema jina, sauti chini, na mwingine alisema ni lini: kabla ya mwaka, baada ya miaka miwili, wakati wa mavuno. Wengine walicheka katikati, wakikumbuka mmoja aliyekuwa akimtania daktari kuhusu ndoa. Wengine walilia. Muuguzi alikuja kutaka kujua kwa nini tumesimama wote na kiti kinapewa maharage, akatazama, akaondoka bila kuuliza.

Punje za Viwavi zilikwenda pembeni nyingi, na mapema. Nyingi za zile zilikuwa za watu waliofika titi limeshapasuka, baada ya kuzunguka kwa waganga na maombi. Za Barakoa zilisogezwa chache kuliko hizo. Za Sukari, chache zaidi, ingawa Mama Sabina alinionya: "Ninyi bado wabichi. Msijisifu." Daktari naye, nilipomwonyesha, alicheka kwa wema akasema tuko wachache mno kuita hii takwimu, nisije nikaipeleka redioni. Nikamwahidi. Ilikuwa ya kupelekwa mahali pamoja tu.

Nilichora upya. Safari hii mistari ilikuwa na ngazi na mashimo. Kila ngazi nilijua jina lake, na mkono wangu haukupenda kuivuta kushuka.

Busawe walikuwa wanavuna mtama. Rhobi alikuwa uani anapepeta. Sikumkabidhi karatasi kama cheti, nilimwekea tu chini, mawe manne pembeni upepo usiichukue. Aliacha ungo akachuchumaa.

"Huyu ni nani?" Kidole kwenye ngazi ya kwanza ya Barakoa.

"Nyangi."

"Kumbe alikwenda mapema hivi." Kidole kikabaki pale. "Nilimwambia aende. Akasema mpaka mtoto amalize mtihani. Alipokwenda ilikuwa inanuka, tukawa tunakaa naye nje." Kisha akafuata mstari kwenda kulia, ule uliobaki juu. "Na hawa?"

"Wako hai. Mmoja anauza mitumba pale Tarime, anakutukana kila wiki na hajawahi kukuona."

"Ananitukana kwa nini?"

"Kwa sababu ya palizi."

Nilidhani atauliza nani amewaambia watu wa benchi. Hakuuliza. Akaweka kidole kwenye mstari wangu wa Sukari, ule unaoishia katikati ya karatasi.

"Mbona huu umekatika? Wamekufa wote?"

"Haujakatika. Tumefika hapo tu. Mwaka ukiisha naongeza."

Alibaki amechuchumaa. Nilisubiri aseme atakwenda. Badala yake akasema jua linaunguza mtama na kama sina kazi nichukue ungo. Nilipepeta vibaya mpaka jioni, nikarudi Tarime sijui kama nimeshinda au nimeshindwa. Neema aliniuliza, nikasema, "Amenipa ungo." Akasema hiyo si mbaya.

Siku chache zilipita, na asubuhi moja tukasikia mtu anagombana na bodaboda nje ya geti. Alikuwa Rhobi, na jogoo amefungwa miguu, na mkoba, na gauni lake la kanisani.

"Ng'ombe nimemwachia shemeji yangu, ataniibia maziwa yote," akasema badala ya salamu. "Basi la Mwanza linaondoka saa ngapi?"

Siku ya majibu nilitaka kuingia naye. Alinizuia kwa mkono kifuani, juu ya kovu kabisa, akaingia peke yake. Nilikaa kwenye benchi kati ya Bhoke na Mama Sabina. Nimesubiri majibu yangu mwenyewe kwenye benchi lile na sikuogopa vile. Nilisoma bango la ukutani hadi mwisho, nikalianza upya.

Rhobi akatoka. Alisimama mbele yetu, akajifunga kanga upya, kwa nguvu, kama mtu anayekwenda kubeba kuni.

"Ni yenyewe," akasema.

Mama Sabina akafumba macho.

"Lakini ni ndogo. Amesema ni ndogo, haijatembea. Wataitoa hiyo tu na kunichoma dawa. Ameniuliza kwa nini nimewahi." Akanitazama. "Nikamwambia nina ndugu anachora."

Mama Sabina alianza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo, na Bhoke akamtazama Rhobi kuanzia kichwani hadi miguuni. "Kumbe ndiye wewe! Kaa hapa. Mwalimu, ondoka, mpishe."

Nikaondoka. Nilikwenda nje, nikasimama karibu na wauza matunda, nikacheka peke yangu mpaka muuza embe mmoja akaniuliza kama nimepona. Nilimwambia ndiyo, ingawa sijui nilikuwa namjibia nani.

Rhobi alipasuliwa vuli hiyo. Alizipokea dripu kama anavyopokea wageni wasioalikwa, kwa kelele. Aligombana na mpishi, na dereva wa basi, na mgonjwa mmoja wa Mugumu aliyependa kulia, ambaye mwisho wakawa hawaachani. Nywele zilipomtoka alikataa kitambaa, akasema kichwa chake ni kizuri na watu wa Busawe walikuwa hawajui. Sasa amerudi kwake. Mkono wa kulia, upande uliopasuliwa, unamvimba akilima sana, na kwa kuwa analima sana, unavimba. Mimi nameza kidonge kila siku, navua shati nikitaka.

Wewe uliyeshika bahasha, sina ahadi ya kukupa. Mistari yetu ina ngazi zake, na sijui mimi nitakuwa ngazi ipi. Ninachojua ni kwamba tuliowahi wengi bado tuko juu, na kwamba wanaokutisha wanawakumbuka waliokwenda tu, kama mimi nilivyowakumbuka waliobaki tu. Omba uonyeshwe wote. Kisha kaa kwenye benchi. Watakusogelea.

Vuli hii, asubuhi, nilikuwa napiga mswaki uani simu ikalia.

"Mwita."

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Leo umenisogeza?"

Ilikuwa imetimia mwaka tangu atoke kwenye kile chumba cha majibu. Nilikuwa nimesahau. "Nilikuwa naenda sasa hivi."

"Muongo. Una povu mdomoni, nalisikia. Nenda."

Nikaenda, simu ikiwa sikioni. Karatasi nimeibandika nyuma ya mlango wa chumbani. Nikachukua rula, nikauvuta mstari wa rika lao, wale wa vuli iliyopita, mraba mmoja kulia.

"Tayari."

"Na yule wa Mugumu, umemshusha?"

Yule aliyependa kulia alitutoka mwezi wa sita. "Nimemshusha."

"Umeandika jina lake?"

"Nimeandika."

"Na sisi wengine?"

"Mko juu."

"Haya. Mwakani nitakupigia tena unisogeze," akasema. "Na ukiona sijapiga, usianze kulia. Ujue ni salio tu."